Fidia ya Kisu cha Daktari: Je, Kiasi Gani Chatosha?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa reli wakaao Mountain View, Kangemi na Uthiru. Yachapishwa hapa kwa ombi la waliokuwa zamu siku ile.)



Leo hatuneni juu ya mshahara wala juu ya zamu za usiku. Twanena juu ya shauri lililotugawanya tangu mkutano uliopita, hata wengine wakatoka bila kuagana.

Habari yenyewe mwaijua. Mwenzetu mmoja wa karakana alikwenda kupasuliwa ngiri katika hospitali moja ya mji huu. Hatutaitaja hospitali hiyo, kwa sababu shauri halijaamuliwa, na si haki kumhukumu mtu katika karatasi ya chama. Kidonda kilipona kwa nje, lakini ndani maumivu hayakuisha. Baada ya miezi 3 alipasuliwa mara ya pili katika hospitali nyingine, na humo tumboni kikatolewa kitambaa cha kufutia damu. Leo mwenzetu hawezi tena kuinua chuma. Amepewa kazi nyepesi, na ovataimu yake imekwisha. Sasa hospitali ya kwanza imemletea barua: atapewa Sh. 150,000, naye atie sahihi kwamba hatadai kitu tena maisha yake yote.

Hapo ndipo tulipogombana. Wengine walisema, “Chukua, ndugu, fedha ya mkononi haina kesi.” Wengine wakasema, “La, Marekani mtu wa namna hii hupata mamilioni ya dola. Na adai milioni mia!” Sisi twasema kwamba pande zote mbili zimetaja bei kabla ya kupiga hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fidia nayo ni hivyo hivyo.

AJALI NA UZEMBE SI KITU KIMOJA

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Wako wazee waliosema kwamba ajali haina kinga, na kwamba mtu akipata madhara hospitalini amshukuru Mungu kwamba yu hai. Sisi wa reli twajua kupambanua. Mti ukiangukia njia usiku kwa tufani, hiyo ni ajali. Lakini dereva akiondoa gari la moshi bila ruhusa ya stesheni masta, hiyo si ajali hata kama hakudhamiria mabaya. Kulikuwako kanuni ya kuzuia, nayo haikufuatwa.

Katika chumba cha upasuaji pia kuna kanuni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo ya kuhakikishwa kwa sauti kabla ya kumlaza mgonjwa usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Mle mna jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, na hesabu ya vyombo, sindano na vitambaa. Vilivyoingia vihesabiwe, vilivyotoka vihesabiwe.

Mwaka 2018 Kenya nzima iliona matokeo ya kanuni hizo kuteleza. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, hapo tu upande wa Ngong Road, mgonjwa asiyestahili kupasuliwa alifunguliwa kichwa badala ya mwingine, na madaktari wakatambua kosa baada ya kuitafuta damu iliyoganda wasiione. Wakubwa na wadogo walisimamishwa kazi. Tena madaktari wenzao walitoka kulalamika kwamba kosa la utaratibu mzima latwikwa mabega ya wachache.

Twalitaja hilo makusudi. Madaktari na wauguzi ni wafanyakazi kama sisi, wana chama kama sisi, na mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 tuliuona ukifika siku 100. Mtu aliyekesha zamu mbili ataweza kukosea hesabu ya vitambaa, kama vile mtu wa swichi aliyekesha awezavyo kukosea njia. Basi hatumtafuti muuguzi tumkomoe. Twataka aliyeumizwa alipwe, na hospitali iliyopanga zamu ile ibebe mzigo wake. Sheria yetu yakubali jambo hilo: hospitali hujibu kwa makosa ya watumishi wake waliokuwa kazini.

Lakini sheria haisemi kwamba kila mgonjwa asiyepona amekosewa. Kipimo ambacho mahakama zetu hukitumia mara nyingi kilitoka London mwaka 1957, katika shauri la Bolam. Jaji aliwaeleza juri kwamba daktari hana hatia ikiwa alitenda kwa njia inayokubaliwa na madaktari wenye ujuzi wa kazi ile. Kwa hiyo mdai huhitaji daktari mwingine wa kusimama na kusema, “Njia hii haikubaliki.” Kitambaa kilichoachwa tumboni ni jambo jepesi kidogo kulithibitisha, maana chenyewe kinasema. Hata hivyo hapana budi pawe na karatasi ya daktari aliyekitoa.

JURI NI NINI, NA MBONA SISI HATUNAYO

Wale waliotaja Marekani hawakusema uongo, ila hawakuimaliza habari. Kule mashauri ya madai huweza kuamuliwa na juri, yaani raia wa kawaida walioitwa kukaa mahakamani, wasikilize pande mbili, kisha waseme ni nani mkosaji na alipe kiasi gani. Wao si wanasheria. Ni fundi, mwalimu, mwenye duka. Ndiyo sababu mara nyingine hutaja fedha nyingi: hutazama mtu aliyeumia, nao hufikiri kama jirani.

Lakini ugomvi juu ya kiasi hauishi hata kule. Katika jimbo la California, tangu mwaka 1975 sheria iliweka mpaka: kwa maumivu na huzuni katika makosa ya udaktari, mtu asipate zaidi ya dola 250,000, hata juri wakisema nyingi kuliko hizo. Mpaka huo ulikaa miaka 47 bila kupandishwa, huku bei ya mkate ikipanda kila siku. Ndipo sheria ikabadilishwa, na tangu Januari 1, 2023 mpaka ukawa dola 350,000 kwa aliyeumizwa na dola 500,000 ikiwa mtu amekufa, ukizidi kupanda kila mwaka kwa miaka 10.

Katika jimbo la Georgia mama mmoja alipasuliwa uso, akabaki na makovu ya daima. Juri wakampa dola 900,000 kwa maumivu yake, mbali na gharama za matibabu, na mume wake wakampa dola 250,000. Sheria ya jimbo ilisema maumivu yasizidi dola 350,000. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Georgia ikaifuta sheria hiyo, ikisema kwamba haki ya kuamuliwa na juri ni bure kama Bunge laweza kuukata uamuzi wao kwa makasi.

Na ikiwa juri wametoa kidogo mno? Mwaka 1935 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba jaji wa mahakama za shirikisho hawezi kuongeza fedha juu ya zile za juri. Anaweza kuamuru shauri lisikilizwe upya. Basi hata huko mtu hutoka mahakamani akinung'unika kwamba amepunjwa.

Uingereza nayo ilikuwa na juri kwa madai ya majeraha. Mwaka 1965 Mahakama ya Rufani ya huko, Lord Denning akiwa mkubwa wake, ilisema katika shauri la Ward na James kwamba kwa kawaida kazi hiyo iwe ya jaji peke yake. Sababu ilikuwa hii: juri huyu hutoa kikubwa, juri yule hutoa kidogo, kwa jeraha lile lile, na mtu hawezi kujua mapema shauri lake lina thamani gani.

Sisi Kenya shauri la madai huamuliwa na jaji au hakimu bila juri. Basi ndugu anayesema “twende kwa juri” atatafuta mlango usiokuwako. Mlango wetu uko Milimani, na mwenye kupima ni mtu mmoja aliyezoea kusoma karatasi. Huyo hatashawishika kwa machozi peke yake.

MAHAKAMA ZETU HUPIMAJE

Fidia si fungu moja. Ni mafungu kadha, na kila fungu lina njia yake ya kuthibitishwa.

Fungu la kwanza ni maumivu na kupungukiwa na raha ya maisha. Hapa hakuna risiti. Malodi wa Uingereza walikiri mwaka 1963, katika shauri ambalo majaji wetu hulitaja sana, kwamba fedha haiwezi kuurudisha mwili uliovunjika. Kilichobaki ni kutoa kiasi cha haki kwa kulinganisha na wengine walioumia vivyo hivyo. Jaji hutazama hukumu za zamani, kisha hufikiri jinsi shilingi ilivyopungua nguvu tangu hapo.

Katika fungu hili ndipo ugomvi wa Kenya ulipo. Katika miaka ya 1980 Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Kigaragari na Aya, ilisema kwamba fidia isipite kiasi ambacho uchumi wa Kenya waweza kukibeba, kwa sababu fedha nyingi zikitolewa mzigo huwarudia wananchi kwa njia ya bima na ada kupanda. Neno hilo lina haki ndani yake. Hospitali ikipandisha ada, mtu wa kwanza kuumia ni sisi. Lakini twauliza swali moja: fidia ikiwa ndogo mno, mzigo haupotei. Huhama tu. Huenda kwa mke wa aliyeumia, kwa watoto waliotolewa shule, na kwa wenzake wanaochangishana kila mwisho wa mwezi. Nao ni wananchi vile vile.

Mtu asiyeridhika aweza kukata rufani, lakini ajue kipimo chake. Mahakama ya Rufani ilisema, katika shauri la Kemfro, kwamba haitakigusa kiasi kilichowekwa ila jaji awe ametazama jambo lisilohusu, au ameacha linalohusu, au kiasi ni kidogo mno au kikubwa mno hata chaonekana dhahiri kuwa ni kosa. Kusema “mimi ningetoa zaidi” hakutoshi.

Fungu la pili ni fedha zilizokwisha kutumika: hospitali, dawa, nauli, picha za eksirei. Hizi sharti zitajwe moja moja katika hati ya madai, tena zithibitishwe. Bila risiti hupati, hata jaji akikuonea huruma.

Fungu la tatu ni matibabu yajayo. Daktari aandike ni matibabu gani na yatagharimu nini.

Fungu la nne ni mshahara uliopotea na utakaopotea. Jaji huchukua hasara ya mwaka 1, akaizidisha kwa idadi ya miaka anayoiona kuwa ya haki. Hachukui miaka yote mpaka kustaafu, maana fedha hulipwa kwa mara moja, na maisha yana mengine. Kwa asiye na hati ya mshahara, mara nyingi jaji hushika kima cha chini cha Serikali. Kwa kibarua wa Nairobi, agizo lililoanza Novemba 1, 2024 liliweka Sh. 16,113.75 kwa mwezi. Ni kweli kwamba mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilisema si haki kudai hati kwa kila mtu, kwa kuwa Wakenya wengi hupata riziki yao bila kuandika kitu. Neno hilo ni ngao kwa mama muuza mboga wa Kangemi. Lakini wewe uliyepewa hati kila mwezi ukaifungia sukari, ngao hiyo itakufaa kidogo.

TUPIGE HESABU YA MWENZETU

Kwa ruhusa yake twaeleza. Upasuaji wa pili ulimgharimu Sh. 210,000. Ovataimu aliyopoteza ni Sh. 9,000 kwa mwezi. Ana miaka 34.

Tazameni. Barua ya hospitali yasema Sh. 150,000. Fedha hizo hazifiki hata gharama ya kukitoa kile kitambaa! Bado hatujataja maumivu.

Tena Sh. 9,000 kwa miezi 12 ni Sh. 108,000. Tuseme jaji achague miaka 15. Hiyo ni Sh. 1,620,000. Akichagua miaka 10, ni Sh. 1,080,000. Lakini sharti daktari aandike kwamba udhaifu wake ni wa daima, na hati za mshahara zionyeshe kwamba ovataimu ile ilikuwa ya kila mwezi, si ya msimu mmoja.

Sasa upande wa pili. Wale wa milioni mia waonyeshe ni fungu gani litakalozaa milioni mia. Halipo. Mtu adaiye mara hamsini ya haki yake hujifanya mwongo mbele ya jaji.

Na hapa kuna neno la kuhuzunisha. Kati ya zile Sh. 210,000, risiti zilizopatikana mpaka leo ni za Sh. 96,000 tu. Nyingine zilipotea, nyingine zilifuliwa pamoja na suruali. Kwa hiyo Sh. 114,000 zi mashakani, si kwa sababu ya sheria mbaya, bali kwa sababu ya karatasi. Tumekwisha kumpeleka dada wa chama akaombe nakala katika ofisi ya fedha ya hospitali ya pili.

SAA INATEMBEA

Ndugu, gari la moshi haliwangoji waliolala. Madai ya uzembe huwa na miaka 3 tangu siku ya madhara. Ukiishtaki Serikali yenyewe, ni mwaka 1 tu. Sheria yaruhusu kumwomba jaji muda zaidi ikiwa hukuweza kulijua jambo kubwa la shauri, kama kitambaa kilichojificha, lakini ombi laweza kukataliwa. Usilale juu yake. Tena mali ya Serikali haikamatwi kwa deni la hukumu, hivyo kushinda ni safari moja, na kulipwa ni safari nyingine.

Msichanganye jambo hili na ajali ya kazini. Ukiumia kazini, Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha yakupeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, nayo madai yapelekwe katika miezi 12. Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo Desemba 2019. Lakini hospitali iliyokosea si mwajiri wako, na shauri lake ni la mahakama.

Liko pia Baraza la Madaktari. Hilo husikiliza malalamiko na laweza kumwadhibu daktari katika leseni yake. Nendeni huko pia, maana maneno yake huwa ushahidi mzito. Lakini msiingoje hukumu yake mpaka miaka 3 ikapita.

Juu ya wakili: sheria yetu haimruhusu kufanya mapatano ya kulipwa endapo atashinda tu, kama wafanyavyo Marekani. Na kwa kawaida anayeshindwa hulipa gharama za mwenzake. Hivyo mtu maskini huogopa, akatia sahihi barua ya kwanza aletewayo. Hospitali zajua hivyo. Woga huo ndio unaopunguza fidia kuliko jaji yeyote.

TUFANYE NINI

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mbele ya mkutano mambo matano.

1. Mwenzetu asitie sahihi barua ile. Akitia, mlango umefungwa. Wala asiikatae kwa matusi. Wakili wa chama aijibu, ataje mafungu yote manne kwa hesabu, na aache nafasi ya mapatano. Mapatano ya haki ni bora kuliko kesi ya miaka mingi.

2. Aombe kwa maandishi nakala ya faili lake katika hospitali zote mbili. Katiba ya mwaka 2010 yampa haki ya kupata habari anazohitaji ili alinde haki zake. Barua iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.

3. Tawi lianzishe mfuko mdogo wa kulipia ripoti ya daktari shahidi, maana bila ripoti hiyo hakuna shauri. Tumependekeza Sh. 50 kwa kila mwanachama kwa mwezi. Ni bei ya kikombe cha chai na andazi.

4. Kila nyumba iwe na bahasha moja: hati za mshahara, risiti, karatasi za hospitali. Akina mama ndio watunzaji wazuri kuliko sisi, na twawaomba waishike.

5. Chama kiandikie chama cha madaktari na chama cha wauguzi, kuwaambia kwamba twaunga mkono dai lao la watu wa kutosha katika zamu. Kitambaa kikihesabiwa vizuri, hatutahitaji wakili.

Mwajiuliza: kiasi gani chatosha? Sisi twajibu kwamba hakuna kiasi kitakachomrudishia mwenzetu mgongo wake. Lakini kiko kiasi kilicho haki, nacho ni kile kilichohesabiwa fungu kwa fungu, kikaandikwa, kikathibitishwa, kikadaiwa kabla ya saa kupita. Chini ya hapo ni kupunjwa. Juu ya hapo ni ndoto.

Twaomba wanaokubali mapendekezo haya wainue mikono, na mweka hazina afungue daftari.